Bibi, Aliyechimba Kaburini Kwako ni Muhanga

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Sijui huko uliko kama mtu bado anaitikia marahaba au mnakaa kimya tu, lakini siwezi kuanza bila shikamoo, ungenichapa na ule mwiko wako. Ni mimi Masunga, mjukuu wako, mumeo wa utani. Yule uliyekuwa ukimtangaza mbele za wageni: "Mume wangu huyu anakula tu, hata mbuzi wa mahari hajaleta."

Najua hujui kusoma. Na mimi shuleni sikukaa, kuandika nimejifundisha mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari, kwa hiyo herufi zikipinda nivumilie. Nikimaliza nitakuja nikusomee hapo hapo kaburini kwako nyuma ya nyumba, kwa sauti. Baba mkubwa akinishangaa, anishangae.

Bibi, sikukuzika. Nimeandika neno hilo nikakaa kwanza, nikaangalia mbuzi wa watu wakipita, ndiyo narudi. Sikukuzika. Nilikuwa chini kwenye duara, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu huku Bugarama, wakati redio inasoma matangazo ya vifo. Juu alikuwepo Hamisi, yule rafiki yangu Mnyamwezi niliyekusimulia, anavuta kamba, na redio yake ya betri ameitundika kwenye nguzo. Akasikia jina lako. Akasikia, "na mjukuu wake Masunga popote alipo machimboni." Popote alipo! Nilikuwa chini ya miguu yake. Akanivuta juu, akanipa maji ya kunawa uso. Nikajua. Hamisi hajawahi kunipa maji ya kunawa uso.

Mpaka nipate lori la kwenda Kahama, mpaka Shinyanga, mpaka Kishapu, halafu kile kipande cha mwisho kwa miguu, nimefika matanga yameshaanuliwa. Watu wameshanyoa. Masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe. Baba mkubwa Jilala, mwanao mkubwa, nilimkuta amesimama kwenye minyaa ya ua, hakunipa hata pole ya safari. Aliniambia, "Kaburi la Mama limechimbwa."

Hivyo tu.

Nikazunguka nyuma. Lundo lako la udongo limefunikwa miiba ya mgunga, juu yake mawe, kama watu wanafunga zizi. Ubavuni, upande wa mashariki, palikuwa na shimo, lakini wameshalijaza. Na kuzunguka pote ni nyayo: ndala, viatu, miguu mitupu, kwato za ng'ombe. Kijiji kizima kilikuja kuona. Wewe uliyenifundisha kwamba ukikuta shimo usilisogelee kwanza, simama mbali ulitazame mlango kama unavyomtazama mgeni usoni! Hakuna aliyesimama mbali. Kila alama imekanyagwa.

Nikauliza, nani kafanya hivi? Nilidhani watasema fisi. Wakasema wamemjua. Mama Kulwa.

Bibi, Mama Kulwa huyu huyu. Rafiki yako wa ugoro. Mliyekuwa mnakaa naye kizingitini mnapiga chafya kwa zamu na kusengenya wakwe. Ambaye Kulwa wake alikufa mchanga, akabaki na Doto, na Doto akaolewa Ushirombo, akabaki na wewe. Na wewe ukaenda.

Walivyosimulia ni hivi. Tangu uzikwe, Mama Kulwa alikuwa anakuja kila asubuhi na mapema, anakaa kaburini, anaongea peke yake. Watu wakaona. Asubuhi moja Lutego, yule kijana jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, anapeleka ng'ombe kunywa maji, akamkuta amepiga magoti ubavuni kwa kaburi, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Shimo liko mbele yake. Lutego ndama wake alikuwa amekufa juzi yake. Akapiga kelele. Basi.

Na macho yake, Bibi. Yale macho mekundu. Wewe na yeye wote mlikuwa nayo, maana mmepika maisha yenu yote kwa miti ya pamba na mavi ya ng'ombe, kuni hakuna, moshi ndani ya nyumba kama ukungu. Unajua kwetu bibi mwenye macho mekundu akishanyooshewa kidole cha uchawi inakuwaje. Hapo kijiji cha pili unamkumbuka yule bibi aliyekuwa akiuza michembe ya viazi. Sitamwandika zaidi. Siku ile niliyofika, vijana walikuwa tayari wanakaa kwenye vikundi vikundi, wananyamaza mtu akipita, na mapanga yananolewa wakati si msimu wa kukata kitu.

Nilimfuata Mama Kulwa kwake. Alikuwa amejifungia. Nikamsalimu, mwangaluka mayu, mama, ni mimi, mume wa rafiki yako. Akafungua kidogo. Nikamuuliza, ulikuwa unafanya nini pale? Akasema, "Nilikuwa nafukia. Nimekuta pamechimbwa, nikasema Jilala akiona ataumia, ngoja nifukie kabla hajaamka." Nikamuuliza shimo lilikuwaje. Akasema hakuangalia, alikuwa analia.

Yaani alama za kwanza kabisa, zile zilizokuwa safi, amezifukia yeye mwenyewe kwa mikono yake. Kwa huruma.

Hapo ndipo nikakutafuta kichwani mwangu. Nilikaa kwenye lile jiwe la kusagia, nikaanza kukuita kimoyomoyo, Bibi, nani huyu? Kama ulivyokuwa ukiniuliza mimi tukienda shambani. Ulikuwa unasimama ghafla, unanyoosha jembe: "Mlango wa nani huu?" Nikikosea unanicheka mpaka jioni.

Fuko, ulisema, hana mlango. Yeye anasukuma udongo juu kama mtu anayetupa takataka dirishani, vilima vidogo vimepangana mstari mpaka kwenye viazi vyako. Ukitia kidole na udongo ni baridi na unyevu, amepita asubuhi hii. Nungunungu ni mlafi asiyefagia, mlangoni kwake utakuta mifupa iliyotafunwa, na mwiba mmoja ameuacha kama mtu aliyesahau kitana. Nge, mlango wake umelala bapa kama mwezi mchanga. Ukiona utando wa buibui umefunga mlango, nyumba haina mtu. Ukiona nzi wanaingia na kutoka, mwenyewe yumo, tena anahema. Na ngiri, ah, ngiri mkwe mwenye haya, anaingia kinyumenyume ili uso ubaki mlangoni. Ndiyo maana usisimame mbele ya mlango. Hiyo uliirudia kuliko zote. Simama ubavuni, usisimame mbele ya mlango wenye mwenyewe ndani. Halafu unamsingizia baba mkubwa, kwamba ujanani alisimama pale kama mtoza kodi, ngiri akamtoka, akamrusha, na mpaka leo ana kovu pajani ambalo mama mkubwa alioneshwa usiku wa harusi kabla ya kitu kingine chochote. Tulicheka, Bibi. Baba mkubwa alikuwa ananuna, lakini hakuwahi kukanusha.

Na panya buku! Alipokuibia bangili ya shaba, ukachimba shimo lake asubuhi nzima, ukakuta bangili, magunzi, kizibo cha soda, na kifungo cha koti la babu. Ulikaa chini na kile kifungo. Mimi nilikuwa nimeshachoka, nataka kwenda kucheza, nikakuambia twende. Ukasema nenda tu. Nilienda. Sasa hivi najiuliza ulikuwa unafikiria nini pale na kile kifungo, ningekaa kidogo tu ungeniambia. Juzi nimekitafuta kwenye kibuyu chako, hakimo.

Lakini uliyempenda ni muhanga. Fundi, ulimwita. Masikio ya punda, pua ya nguruwe, na hakuna anayemwona ila alama zake. Anachimba nyumba, analala humo kidogo, anahama, anaenda kuchimba nyingine. Ngiri, fisi, nungunungu, chatu, wote wapangaji wake. "Angedai kodi," ulisema, "angekuwa na ng'ombe kuliko mtemi."

Na muhanga anataka mchwa. Hapo nikaruka kwenye jiwe. Nikaenda kaburini, nikainua jiwe moja la pembeni, nikaona vijinjia vya udongo mwembamba, vile vya mchwa, vinapanda kutoka chini. Si ulizikwa na mkeka, na juu yake wakaweka miti? Miti mikavu, udongo laini uliochimbuliwa karibuni. Bibi, kwa mchwa hiyo ni harusi. Na palipo na harusi ya mchwa, muhanga haalikwi, anakuja mwenyewe.

Nikakimbia kwa mtemi wa sungusungu, kiongozi wa walinzi wa kijiji. Nilikimbia kweli, nilifika nahema kama mbwa. Baba mkubwa na Lutego walikuwepo. Nikaanza kumwaga maneno, muhanga, mchwa, mkeka, miti, mtemi akainua mkono. Akaniuliza, "Masunga, wewe jana ulikuwa kwenye dhahabu. Leo unatuambia habari za kwetu?"

Nikasema sisemi, naomba mje tutazame.

Nikawapeleka kwenye kile kichuguu kilichopasuka karibu na shamba la mtama. Mashimo ya muhanga yapo, mapya. Nikawaonesha. Mtu mwenye jembe, ukuta wa shimo lake unabaki umekatwa, bapa, na udongo anauweka huku na huku. Muhanga anautupa wote nyuma yake, upande mmoja, na ukutani mikwaruzo ya kucha imepangana kama meno ya reki. Halafu mstari wa mkia, mnene, kama mtu ameburuta gogo. Mtemi alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo. Si kwamba hajui, wote wanajua, wamekua na mashimo haya. Akasema, "Ni muhanga, sawa. Lakini muhanga kuwa hapa hakumzuii mtu kuwa kule."

Alisema kweli. Lutego akatema mate pembeni, akasema labda huyo bibi ndiye anamtuma muhanga. Watu wawili watatu wakaguna kama wanakubali.

Nikasema basi tufukue shimo la kaburini tuone ukuta wake. Baba mkubwa alinigeukia, Bibi, sijawahi kumwona hivyo. Akasema mtu atakayetia jembe kwenye kaburi la mama yake, hata akiwa mimi, atazikwa pembeni yake. Na yeye alisema kweli. Kila mtu siku ile alikuwa anasema kweli, ndiyo ilikuwa shida.

Ndipo nikakumbuka karanga zako. Zile ulizoanika uani zikawa zinapungua, kila mtu akasema ni mimi, wewe hukusema kitu, ulitandaza majivu jioni kuzunguka ungo, na asubuhi ukaniita kwa sauti kubwa ili wote wasikie: "Mume wangu, njoo uone mwizi wangu ana vidole vitano na mkia." Nguchiro. Ulinitoa kwenye aibu kwa majivu ya jikoni.

Nikawaambia. Majivu kuzunguka kaburi. Ayatandaze baba mkubwa mwenyewe, na Mama Kulwa alale kwa mtemi, katikati ya wake zake, asitoke. Muhanga akipata mchwa hamalizi, anabakiza, anarudi. Mtemi akafikiri. Akasema vijana waweke mapanga mpaka tuone. Lutego akauliza, na asipokuja mnyama? Mtemi akasema, "Tutaongea."

Majivu yalitoka jikoni kwako. Baba mkubwa aliyapepeta kwa ungo wako, anatandaza kwa kiganja, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta. Mama Kulwa akachukuliwa kupelekwa kwa mtemi, anapita mbele yetu na kanga yake ile ya kijani, amebeba kikopo cha ugoro. Mimi sikumtazama sana. Nilikuwa natazama majivu.

Asubuhi kulikuwa na nyayo za kuku.

Kuku, Bibi. Watu wamejaa, wamekuja hata wa vitongoji vya mbali, waliosikia kwenye mnada, na majivu yako safi, yana kuku tu. Lutego akanigeukia, "Muhanga wako kaenda machimboni?" Wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama si kwamba niliona vijana wawili wameondoka kimya kuelekea upande wa kwa mtemi, na mtemi akawaita warudi, na wakarudi polepole mno.

Nikasimama mbali. Hatimaye nikafanya ulichonifundisha, nikasimama mbali nikatazama mlango. Kaburi limejaa miiba na mawe. Nikawaza, mimi ningekuwa fundi nina pua laini kama ile, ningeingiaje hapa? Tumemwalika mgeni halafu tumefunga ua.

Nikamwambia baba mkubwa miiba itoke.

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. Maana ile miiba ndiyo kitu pekee alichoweza kukufanyia. Na kama si muhanga, kama ni fisi? Anamwachia fisi mama yake wazi? Mtemi akasema hilo ni la mwenye mama. Baba mkubwa alizunguka kaburi, anasugua lile paja lenye kovu, unajua anavyofanya akikwama. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, watu hawakusikia, "Mama angesemaje?"

Nikasema sijui. Ningeweza kumdanganya, lakini nilisema sijui. Wewe ulikuwa unaniuliza tu, kila siku unaniuliza mimi, mlango wa nani, mlango wa nani, na mimi najibu. Mimi kukuuliza wewe kitu cha maana sikuwahi. Sikuwahi kukuuliza unataka ulazwe wapi, unaogopa nini, Mama Kulwa ni nani kwako. Nilijua milango yote ya porini, wako sikuwahi kuugonga.

Baba mkubwa aliinama, akaanza kutoa miiba kwa mikono mitupu. Ilimchoma, damu inatoka, hakukubali nimsaidie.

Na asubuhi iliyofuata, Bibi, alikuja!

Niliona kabla sijafika, kwa mbali, ule mstari wa mkia umepasua majivu kama mtu ameburuta mchi. Kucha, tatu tatu, zimezama. Vishimo vidogo vya pua, pale alipokuwa ananusa. Hakwenda ubavu wa mashariki kwenye udongo wetu ulioshindiliwa, alikuja upande wa miguuni, akachimba kidogo tu, kina cha mkono mpaka kiwiko, udongo wote nyuma, na kwenye mikwaruzo mchwa walikuwa wanakimbia huku na huku kama watu waliounguliwa na nyumba. Wewe hakukugusa. Hakukutaka wewe, Bibi. Alitaka mchwa wake, akala, akaenda.

Niliruka. Nilishika mabega ya baba mkubwa nikamtingisha. Mtemi alipiga goti, akatazama alama moja moja, akainuka, akasema kwa watu wote, "Ni muhanga. Maneno yameisha." Watu wakaachia pumzi, wakaanza kucheka kile kicheko cha watu walioogopa. Kila mtu sasa akawa na hadithi yake ya muhanga. Hata Lutego, Bibi, hata Lutego akawa anawaonesha watoto mstari wa mkia, anaeleza kama yeye ndiye aliyemfuga. Na mimi nikawa ninaeleza kuliko wote. Nilikuwa nimeshinda. Nilijisikia kama siku ile ya karanga.

Wakamleta Mama Kulwa aje aone.

Alikuja na wake wa mtemi. Watu wakampisha, wanamchekea, mmoja akamwambia mayu umeona, fundi mwenyewe kajileta. Mtemi akamwambia aende kwake kwa amani, hana neno. Mama Kulwa alisimama pale kwenye ukingo wa majivu. Akatazama mkia, akatazama kucha, alitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Halafu akauliza, bila hasira yoyote, kama anauliza njia:

"Na kama asingekuja?"

Mtemi alitazama fimbo yake. Kuku walikuwa wanaparura. Bibi, mimi mwenye maneno mengi, mimi niliyeropoka asubuhi nzima, nilitafuta neno nikakosa. Maana sote tulijua jibu, na yeye alikuwa anatutazama mmoja mmoja, majirani wake wa maisha yote, watu aliowakata vitovu, akilisoma.

Halafu akapita katikati ya majivu, akaharibu alama zote, akakaa pale anapokaa siku zote, akafungua kikopo. Akatia ugoro kidogo kwenye udongo, upande wa kichwani kwako. Watu wakaanza kutawanyika.

Siku ya mnada alipanda lori la pamba, na kifurushi kimoja, kwenda kwa Doto Ushirombo. Nilimfuata mpaka barabarani, nikamwambia mayu usiende, si yameisha, mtemi amesema. Akanishika shavu. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe umenitetea, wabeja, asante. Lakini mimi nimewekewa majivu kama mwizi wa karanga. Nitalalaje hapa?"

Ndiyo hiyo, Bibi. Ndiyo inayonikaa. Majivu yalikuwa wazo langu. Yalimwokoa, najua, baba mkubwa ananiambia kila mara kwamba yalimwokoa, na Hamisi huku naye ananiambia hivyo hivyo. Lakini nawaza, angekuwa wewe ungefanyaje? Nadhani usingekwenda kutafuta kichuguu. Ungechukua kigoda chako na ugoro wako ukaenda kukaa kwake kizingitini, mchana kweupe, mnapiga chafya, na anayetaka kuja na panga aje akukute. Hukuhitaji alama za mnyama yeyote kumjua rafiki yako. Mimi nilihitaji. Na huo ndio ujuzi wako mwingine ambao sikuuchukua, nilikuwa na haraka ya kwenda kuchimba.

Nimerudi Bugarama sasa. Huku nako ni mashimo matupu, Bibi, ungecheka, watu wameitoboa nchi kuliko muhanga, na kila mmoja anasema la mwenzake ni la wizi. Asubuhi kabla sijashuka nasimama mbali kwanza, natazama mlango wa duara, nasikiliza. Wananiita Babu Muhanga. Sijakataa. Mambo ya vyama vingi yamepamba moto, magari ya kampeni yanapita na vipaza sauti, Hamisi kanunua betri mpya, na kila matangazo ya vifo yakianza natoka shimoni nije nisikilize mpaka mwisho, hata kama hakuna wa kwetu.

Baba mkubwa ameniletea salamu kwamba hajarudisha miiba. Muhanga alirudi mara nyingine, mchwa wakaisha, hajaonekana tena. Anafukia kwa mkono, kama alivyofanya Mama Kulwa. Anakaa hapo asubuhi anaongea peke yake, na hakuna anayemnyooshea kidole, maana yeye ni mwanamume na macho yake meupe.

Sasa nikuage. Lala, mke wangu. Mahari sikulipa na wewe hukudai.

Nimeomba ruhusa kwa wenzangu wa duara, naenda Ushirombo. Sijui kama Mama Kulwa atakubali kurudi, na akikataa sitamlaumu. Akikubali, namleta mwenyewe mpaka kwake, namkandikia ukuta ule ulioanguka, na nitajenga kibanda changu ubavuni kwa nyumba yake, dhahabu ikae ardhini ilipokaa siku zote. Na lile swali lake nimelipatia jibu, ingawa nimechelewa kama nilivyochelewa kwako. Uliniambia nisisimame kamwe mbele ya mlango wenye mwenyewe ndani. Yote uliyonifundisha nitayashika, Bibi, ila hilo nitalivunja. Muhanga aje, asije, wakija kwa Mama Kulwa watanikuta nimesimama mbele ya mlango.

Mumeo,
Masunga